Kabla ya maiki nne, jaribuni moja

Kwenye harusi moja mwaka jana, fundi mitambo alitupa maiki moja tu. Zile nyingine zilikuwa zimekufa. Tulinuna, maana sisi wanaume wanne tumezoea kila mtu na maiki yake, na mimi wa besi, ile sauti nzito ya chini, ndiyo kabisa. Tukabanana mabega, tukaimba hivyo hivyo. Jioni niliposikiliza rekodi ya simu sikuamini: kwa mara ya kwanza sauti zetu zilikuwa zimekaa.

Ndipo nikaanza kusikiliza kwateti, yaani vikundi vya waimbaji wanne, za zamani za injili za Wamarekani Weusi. Niliowasikiliza zaidi ni Golden Gate, vijana walioanza mwaka 1934 wakiwa wanafunzi huko Norfolk, Virginia, na kufikia 1937 wakarekodi kwa lebo ya Bluebird. Hapo hakuna habari ya kusema besi tutaipandisha baadaye kwenye kompyuta. Orlandus Wilson, mmoja wao, anaitembeza besi kama ngoma, wenzake wanaidonoa kwa vineno vifupi, na bado kila neno la kiongozi unalisikia.

Kwa hiyo ninyi mnaoanza, wekeni kinanda pembeni. Kaeni duara, magoti karibu yagusane, mwimbe kwa sauti ya chini. Usipomsikia mwenzako anayeimba tena (sauti ya juu ya kiume), jua wewe ndiye umezidi. (Mabesi, nawasema ninyi. Nami nimo.)

Halafu angalieni irabu. Tulihangaika wiki tatu na nota moja ndefu kwenye "Ye" ya "Yesu", tukimlaumu wa tena kwamba anashuka. Maskini, hakushuka. Yeye aliitanua "e" kama mtu anayepigwa picha, mimi nikaimeza. Nota zilikuwa sahihi lakini zinakwaruzana. Tulipoifungua midomo kwa namna moja, mkwaruzo ukaisha papo hapo.

Na tafuteni mwalimu. Kwateti za wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda vya chuma kule Jefferson County, Alabama, zilikuwa na walimu wao, kina Charles Bridges. Sisi tumempata mzee mmoja aliyestaafu kwaya. Hukaa mlangoni amefumba macho. Akinyanyua fimbo, tunarudia. Jumamosi iliyopita aliinyanyua mara 11, na ubeti wa kwanza hatukuumaliza.