Barua kwa mwanangu: mwaka mmoja si shahidi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika salama. Umeniuliza kama uache utafiti wa mtama pale Hombolo ukachukue nafasi ya kuuza mbegu na mbolea uliyopewa Arusha, kwa kuwa wenzako mliomaliza nao chuo wamekwisha kupanda vyeo na wewe bado unachagua masuke yale yale. Nitalifikia swali hilo. Lakini chini yake nimeona lingine, la jinsi mtu anavyoridhika na kazi isiyoonyesha kitu mwisho wa mwaka, na hilo ndilo ninaloweza kulisemea kwa kuwa nimeliishi.

Kazi yangu ya kupima maji ya visima katika bonde la Makutupora unaijua. Wewe na kaka yako mligombania kunishikia daftari. Niliteremsha utepe ndani ya kisima cha uangalizi, nikaandika maji yapo mita ngapi kutoka juu, nikaenda kisima kingine. Vipimo vile vilianza miaka ya 1950, kabla sijaajiriwa, na visima vya bonde lile ndivyo vilivyounywesha mji wa Dodoma. Kwa miaka mingi, hata ile ambayo mkulima aliisifu mvua yake, maji yalizidi kushuka.

Yule afisa aliyekuja kukagua, ambaye mama yako alimchinjia jogoo, alifunua daftari, akasema mbele ya vijana wangu wa kazi kwamba namba zinazoshuka hivi hata mtoto anaweza kuzikadiria akiwa amekaa ofisini, na kwamba mshahara wangu ulikuwa hasara kwa serikali. Maneno yale yananichoma hadi leo, hasa kwa kuwa aliyasema akiwa ametoka kula kwetu. Nilimjibu kile nilichokuwa nikiwaambia ninyi kila matokeo ya mtihani yalipotoka, kwamba mwaka mmoja si shahidi, naye akafunga daftari bila kunitazama.

Kisha ikaja El Niño ya 1997 na 1998. Barabara zilikatika, na makorongo tuliyozoea kuyavuka kwa miguu yakawa mito. Mvua zilipotulia niliteremsha utepe, ukagusa maji mapema mno, nikadhani umekwama kwenye bomba. Nikautoa, nikaukausha, nikapima upya, na namba ikarudi ile ile. Mwanangu, nilicheka kwa sauti peke yangu kule porini. Maji ya bonde lile hayajazwi na kila masika. Hungoja misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, ndipo yapenye hadi chini, na msimu ule ulijaza kuliko mwingine wowote katika kumbukumbu zetu. Mwaka 2013 wataalamu walichapisha uchambuzi wa vipimo vya miaka 55 vya Makutupora kueleza jambo hilo hilo. Kupanda kule kusingepimika kama kusingekuwa na mtu aliyeandika kushuka.

Sasa wewe unafanya kazi katika mkoa wenye msimu mmoja wa mvua, ambako bila umwagiliaji kizazi kimoja cha mtama hula mwaka mzima, na baada ya kuchanganya mbegu lazima uchague kizazi hadi kizazi mpaka mimea ifanane, uijaribu mahali mbalimbali, ndipo wakaguzi wa mbegu waitazame. Mbegu ya mtama iitwayo Macia, ninayoipanda kule Kongwa, iliyoruhusiwa nchini mwaka 1999, ilichaguliwa suke kwa suke na watu nisiowajua, nao hawakuwa na cha kuonyesha katika mwaka wao wa tatu. Mwaka mmoja si shahidi, wala mitatu.

Hata hivyo nisikufiche jambo. Subira yangu iligharamiwa na zabibu za mama yako, zilizovunwa mara mbili kwa mwaka na kuwalipia ada kila mshahara wangu ulipochelewa. Wewe unalipa kodi ya nyumba mtaani Kisasa na una watoto wawili, na si haki nikuhubirie utulivu ambao mimi nilinunuliwa na mtu mwingine. Tena kuuza mbegu ni kazi ya heshima, kwa sababu mbegu bora isiyomfikia mkulima wa Bahi haijamsaidia. Lakini hapo hapo najipinga: wa kuiuza mbegu watapatikana wengi, na sijui ni nani atakayeisoma mistari yako shambani kama unavyoisoma wewe.

Mama yako amenikataza kukuamulia, na nimemwahidi. Nisingemwahidi, jibu langu ungelikuta juu kabisa ya barua hii. Ninachokuomba ni kwamba usiwaandikie wa Arusha kabla mtama ulioko shambani haujavunwa na kupimwa. Kisha keti na mumeo, mhesabu fedha zenu kwa uwazi, na mkiamua kuhama, nitakuja mwenyewe kuwasaidia kufunga mizigo.

Baba yako