Baba katolewa kongosho: choo cha mafuta na kutetemeka usiku

Dada wa Tukuyu, pole sana kwa kuuguza. Unasema tangu baba atolewe kongosho lote anakonda ingawa anakula, choo kinaelea kiking'aa mafuta, na usiku anatetemeka jasho likimtoka.

Nianze na kutetemeka, maana ndiko kunakonitia hofu. Hiyo ni dalili ya sukari kushuka. Kongosho lilitoa insulini ya kushusha sukari na glukagoni ya kuipandisha. Sasa vyote havipo, hivyo ikishuka haipandi yenyewe kirahisi. Akianza tu, mpe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, mpime baada ya dakika 15, ikiwa bado iko chini rudia. Ikipanda, ale kitu, hata kiazi. Akipoteza fahamu msimnyweshe chochote: mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali. Ila insulini msiiache kwa woga, jamani, bila hiyo haishi. Mwende kwa daktari kesho hiyohiyo apange dozi upya. Pombe asiguse.

Choo kile ni mafuta yasiyosagwa. Vidonge vya vimeng'enya, vinavyosaga chakula badala ya kongosho, avimeze na tonge la kwanza, vingine katikati ya mlo, kwa maji ya baridi, si kwa chai ya moto. Hata kikombe cha maziwa kinavihitaji. Parachichi msimnyime, anahitaji nguvu. Choo kikiendelea hivyo, daktari aongeze vidonge.

Ulizeni pia vitamini A, D, E na K, maana hizo hufyonzwa pamoja na mafuta. Na kama wengu, kiungo jirani kinachosaidia kupambana na maambukizi, nao ulitolewa, ulizeni chanjo, na homa yoyote muiwahishe hospitali.