Kwa nini Pan haikuonekana vizuri hadi 2017

Umeuliza kwa nini Cassini, chombo cha anga za juu, ilizunguka sayari ya Zohali tangu 2004 lakini picha nzuri za kimwezi Pan zikaja 2017. Kamera ni ile ile, kilichobadilika ni umbali. Pan ina upana wa kilomita 28 hivi. Ukiwa kilomita milioni moja mbali, pikseli moja ya kamera kali ya Cassini inameza kama kilomita 6, kwa hiyo mwezi mzima unaishia pikseli tano hivi. Hapo umbo utalijuaje?

Machi 2017 Cassini ilipita kilomita 24,572 kutoka Pan, na pikseli moja ikashuka hadi mita 150 hivi. Ndipo ukaonekana wazi ule ukingo uliouzunguka mwezi kiunoni kama sketi (mimi naona sambusa iliyofura), unaodhaniwa ni chembe za pete za Zohali zilizojirundika pale.

Kusogea zaidi haikuwezekana kirahisi: Pan iko ndani ya pete zenyewe, kwenye mwanya wa Encke, na kwa kasi ya Cassini hata kijiwe kidogo kingetoboa chombo.