Anza na VARS mpya kila mara: niliyojifunza Lamu kuhusu kupima fimwea ya mashine pepe

Kwa wiki tatu niliamini majaribio yangu yanafaulu. Kila asubuhi, kabla ya kushuka Langoni kunywa chai, nilikuwa nafungua faili la matokeo na kukuta kila mstari umeandikwa SAWA, wa prosesa za x86 na wa prosesa za Arm. Kisha hoteli moja ya Shela, ambayo mashine yake pepe ya kupokelea oda za wageni naitunza mimi, ikanunua seva mpya. Tulihamisha diski nzima. Fimwea ilikuwa ile ile niliyoipima. Tulipoiwasha iliishia kwenye Shell ya UEFI, sehemu ya kuandikia amri ndani ya fimwea: kioo cheusi, kialama kinapepesa kikingoja amri, na mapokezini wageni wamesimama na mabegi yao.

Nilipanda boti kwenda huko maji yakiwa yamejaa, na njia nzima nilikuwa najiuliza majaribio yangu yalikuwa yakipima nini.

Kwa asiyeijua kazi hii: fimwea, au programu dhibiti, ndiyo inayoamka kwanza mashine inapowashwa, ikatafuta mfumo wa uendeshaji na kuukabidhi kazi. Mashine pepe, yaani kompyuta zinazoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta nyingine, nazo zina yao. Kwenye QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe, fimwea ya UEFI (kiwango cha fimwea za kisasa) ya prosesa za x86 inaitwa OVMF, na inatoka kwenye mradi wa EDK2, ambao una fimwea za Arm na RISC-V pia. OVMF huja kwa vipande viwili. CODE ni programu yenyewe, haibadiliki. VARS ni daftari lake: humo huandikwa mpangilio wa kuwasha, funguo za Secure Boot (ulinzi unaokubali kuwasha programu zenye sahihi inayotambulika tu) na mengineyo.

Kosa langu lilikuwa kwenye daftari hilo. Skripti yangu ilitumia faili moja la VARS siku zote. Siku ya kwanza mfumo wa uendeshaji uliposakinishwa, uliandika humo mahali unapopatikana. Tangu hapo fimwea haikutafuta chochote, ilikuwa inasoma daftari na kwenda moja kwa moja. Njia ya kawaida, ile ya \EFI\BOOT\BOOTX64.EFI ambayo fimwea huifuata ikiwa haina kumbukumbu yoyote, haikuwepo kabisa kwenye diski. Tulihamisha diski tukaliacha daftari.

Ami yangu ni fundi wa majahazi Matondoni. Jioni ile nilimweleza, nikidhani sitaeleweka. Akaniambia: "Mwanangu, chombo kilichokaa majini mbao zake zimefura, zimejiziba zenyewe. Ukikiangalia humo humo majini utasema hakivuji. Kipandishe pwani kikauke, kisha ukishue tena. Hapo ndipo utajua kalafati imeshika au haikushika." Nilimshukuru, nikarudi nyumbani usiku ule ule kuandika skripti upya.

Ushauri wangu wa kwanza, na ukiuchukua huu peke yake utakuwa umepata kitu: kila jaribio lianze na nakala mpya ya VARS, na nakala hiyo itupwe jaribio likiisha. Kwangu mimi, kwenye Ubuntu, kiini cha skripti ni hiki:

cp /usr/share/OVMF/OVMF_VARS_4M.fd /tmp/vars.fd
timeout 60 qemu-system-x86_64 -machine q35 -m 512 -accel kvm \
 -display none -no-reboot -nic none \
 -drive if=pflash,format=raw,readonly=on,file=/usr/share/OVMF/OVMF_CODE_4M.fd \
 -drive if=pflash,format=raw,file=/tmp/vars.fd \
 -drive format=raw,file=fat:rw:jaribio \
 -serial file:konsoli.txt \
 -debugcon file:debug.txt -global isa-debugcon.iobase=0x402

Hiyo fat:rw:jaribio inafanya folda ya kawaida ionekane kwa fimwea kama diski ya FAT, kwa hiyo huhitaji kutengeneza diski kila unapobadilisha neno moja. Na usiiache -nic none. Bila hiyo, fimwea isipopata cha kuwasha huanza kutafuta mtandaoni, na muda wako wote unaishia hapo.

Ndani ya folda naweka faili linaloitwa startup.nsh. Shell ya UEFI ikianza husubiri sekunde 5, kisha hulitekeleza. Langu lina mistari mitatu:

@echo -off
echo FIMWEA-IMEFIKA
reset -s

Kama toleo lako la fimwea halina Shell ndani, tia Shell.efi kwenye EFI/BOOT ya folda hiyo kwa jina la BOOTX64.EFI. Ule mstari wa kwanza usiuone mdogo. Shell, isipokatazwa, huchapisha amri kabla ya kuitekeleza. Skripti yako ikitafuta neno FIMWEA-IMEFIKA kwenye konsoli.txt, italipata ndani ya amri yenyewe hata kama amri haikufanya kazi. Tena usitafute mstari mzima unaolingana, litafute neno tu, kwa sababu fimwea huchanganya maandishi na alama za rangi na za kusogeza kialama.

La pili: QEMU ikifunga kwa namba 0, ishara ya kutokuwa na kosa, usichukulie kwamba jaribio limefaulu. Kwa -no-reboot, mashine ikianguka na kutaka kujiwasha upya, QEMU hufunga kimya na kurudisha 0 vile vile. Amri ya timeout ikikata muda hurudisha 124, hiyo angalau inajulikana. Mimi nahesabu kufaulu pale tu mambo matatu yanapokutana: neno langu limeonekana, muda haukuisha, na kwenye debug.txt, ambamo fimwea huandika ujumbe wake, hakuna neno ASSERT, ambalo huonyesha imegundua kosa ndani yake. Hilo la mwisho linahitaji fimwea iliyojengwa kwa DEBUG, yaani ya kutafutia makosa. Ile ya RELEASE, ya matumizi ya kawaida, hunyamaza hata panapoharibika, kwa hiyo napima zote mbili, moja inieleze na nyingine kwa sababu ndiyo wanayotumia watu.

Ukihamia Arm, usinakili amri ukabadilisha jina la prosesa ukadhani umemaliza. Aina ya mashine ya QEMU ni virt, si q35. Faili la njia ya kawaida linaitwa BOOTAA64.EFI, na kwa RISC-V ni BOOTRISCV64.EFI. Ile poti ya 0x402 ni ya x86, Arm haina, na huko ujumbe wa fimwea kwa kawaida hupita kwenye siriali ile ile ya konsoli, kwa hiyo ASSERT itafute huko. Secure Boot kwenye x86 inataka smm=on (hali maalumu ya prosesa inayolinda kumbukumbu) ili daftari lisiguswe na mfumo wa uendeshaji, na kwenye virt hakuna kitu hicho. Sioni haja ya kueleza zaidi, haya utayaona mwenyewe siku ya kwanza.

Muda, lakini, unahitaji uangalifu. KVM, inayoipa mashine pepe prosesa halisi moja kwa moja kwenye Linux, hufanya kazi pale tu prosesa ya mashine pepe ni ya aina moja na ya kompyuta yako. Laptopu yangu ni ya x86, kwa hiyo Arm yote inaigizwa kwa TCG, kiigizi cha QEMU chenyewe, taratibu. Naipa sekunde 300. Badala ya KVM, mwenye Mac atumie hvf, mwenye Windows whpx. Sipendi kuandika -accel kvm na -accel tcg pamoja kwenye majaribio: KVM ikikosekana QEMU itahamia TCG, na wewe utakesha ukitafuta kosa kwenye fimwea isiyo na kosa.

Kwetu umeme hukatika na bando ni pesa, kwa hiyo kila kitu nakiweka ndani ya laptopu. EDK2 hutoa matoleo yenye lebo kama edk2-stable202405. Chagua moja, ishushe pamoja na moduli zake ndogo (OpenSSL, ya usimbaji fiche, ni mojawapo, na ni nzito), ubaki nayo mpaka uamue mwenyewe kubadilisha. Matokeo ya kila jaribio yaandikwe kwenye faili lake papo hapo, si mwisho wa orodha. Umeme ukikatika katikati, utajua ulipofikia.

Na sasa, mara moja kwa wiki, naharibu kwa makusudi. Nina nakala ya diski ya ile hoteli. Safari hii BOOTX64.EFI imo, niliiweka kwa mkono wangu siku ile ile ya Shela. Jana usiku niliifuta kwenye nakala, nikaanzisha jaribio, nikakaa kungoja. Haikupita dakika mbili, kwenye faili la matokeo ukaandikwa mstari mmoja: KOSA. Nikairudisha, nikaanzisha tena, nikazima taa.