Mgeni anayekuja mara moja tu

Mpendwa katika Bwana, umeeleza kwamba wageni hufika kanisani kwenu karibu kila Jumapili lakini hawarudi, na umeuliza kama muongeze mikutano ya injili. Kwa maoni yangu, anzeni na wale ambao tayari wanaingia mlangoni.

Zichunguzeni hasa dakika chache baada ya ibada, kwa sababu hapo ndipo washirika wenyeji husalimiana wao kwa wao huku mgeni akiondoka bila mtu kumwuliza jina. Wekeni watu wawili au watatu, wasiwe wazee wa kanisa peke yao, ambao kazi yao ni kuketi karibu na mgeni, kumwonyesha ukurasa wa wimbo, kumweleza utaratibu wa Meza ya Bwana, na kumtambulisha kwa mshirika wa rika lake. Kumsimamisha mbele ya wote ajitambulishe huwaumiza wengi wenye haya, nami ningeiacha desturi hiyo kabisa. Waraka wa Yakobo, sura ya 2, unakemea kumpa tajiri kiti kizuri na kumdharau maskini. Kosa hilo bado linatendeka, nalo hunihuzunisha sana.

Mpigieni simu kabla ya Jumapili inayofuata, iwapo ametoa namba kwa hiari, lakini msimtajie zaka wala michango. Akirudi, mwalikeni kwenye kikundi kidogo cha maombi, kisha mpeni huduma nyepesi anayoiweza, hata kabla hajaanza mafundisho ya ushirika.