Kwa nini ninarudia filamu za Dieudo Hamadi

Yaya, umeuliza kama kurudia filamu si kupoteza muda, maana kisa unakijua tayari. Mimi niko Bukavu, na Maman Colonelle (2017), filamu ya maisha halisi ya mwongozaji wa Kongo Dieudo Hamadi, nimeiangalia mara tano.

Mara ya kwanza nilimfuata Kanali Honorine Munyole tu, polisi anayelinda wanawake na watoto, kwa sababu ni wetu: filamu inaanza akihamishwa kutoka hapa kwenda Kisangani. Nilitaka kujua kama atafaulu. Mara ya pili niliangalia na mama mkubwa. Yeye hasomi yale maandishi ya Kifaransa ya chini, anasikiliza. Akanishika mkono: "Sikia, anaongea kama sisi." Tangu siku hiyo nami nasikiliza: sauti inavyopanda Kanali akiamrisha, inavyoshuka akiwa na mtoto aliyeitwa mchawi.

Mara ya tatu nikamtafuta Hamadi mwenyewe. Kamera anaishika yeye. Ikitikisika, ni mkono wake. Isiposogea karibu na mtu mwenye uchungu, ni yeye aliyeamua kubaki pale. Siku ya kwanza huwezi kuliona hilo, macho yanakimbilia kisa.

Kilichonishika zaidi kabisa kilikuja baada ya filamu yake nyingine, En route pour le milliard (2020). Humo wahanga wa Vita vya Siku Sita, pale majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana Kisangani Juni 2000, wanashuka mto kwa boti hadi Kinshasa kudai fidia, wengine kwa magongo na miguu ya bandia. Nilipomaliza nikafungua tena ile ya 2017. Wale wajane niliowapita haraka, nikingoja Kanali arudi kwenye picha, kumbe walikuwa wanasimulia vita hivyo hivyo! Filamu ya boti ilikuwa imeshaanza mle ndani, nami sikuiona.

Kisha Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, ikaamua Uganda iilipe Kongo dola milioni 325. Nikairudia ya boti. Nyuso ni zile zile, mto ule ule, ila sasa nilijua jambo ambalo wao, wakiwa majini, hawakulijua. Sikuweza kuongea mpaka mwisho.

Kwa hiyo anza na ya Kanali, ngoja miezi, chukua ya boti, halafu urudi. Leo usiku, umeme ukikaa, tunaiwasha tena. Mama mkubwa ameshaomba kiti cha mbele.