"Vimeng'enya wauaji": neno linalopotosha

Msomaji anayefasiri makala ya baiolojia anauliza: kaspasi, vimeng'enya vinavyohusika na kufa kwa seli, tuviite "vimeng'enya wauaji" au "vimeng'enya viuaji"?

Kisarufi, "viuaji" ndiyo inayopatana na ngeli ya KI-VI. Lakini kinachonikera ni kitenzi chenyewe, -ua, ambacho wafasiri wamekigandisha kwenye kaspasi kana kwamba hazina kazi nyingine.

Jina "kaspasi" (kwa Kiingereza, caspase) liliafikiwa mwaka 1996. Herufi ya kwanza, "c", inatokana na sisteini (cysteine), asidi amino inayofanya ukataji. "Asp" ni aspateti, asidi amino nyingine, mahali protini inapokatwa. Kilichobaki ni kiishio cha majina ya vimeng'enya. Kifo hakimo.

Mtazame inzi wa matunda dume. Katika korodani zake mbegu 64 hukua kwa pamoja, zikiwa zimeunganishwa kwa vijia vya saitoplazimu, ute unaojaza seli. Kaspasi zinapoamka, kila mbegu huvuliwa saitoplazimu iliyozidi, taka zikakusanywa kwenye mfuko mmoja, na mbegu zikaachana: nyembamba, hai, kiini salama. Zikizuiwa kaspasi hizo, mbegu hubaki zimeshikamana na dume huwa tasa. Sasa jaribu kuandika: "Vimeng'enya wauaji huziwezesha mbegu kukomaa." Nani ameuawa? Msomaji atarudi nyuma kutafuta maiti asiyekuwapo, na kosa si lake. Ni la aliyechagua "wauaji".

Wala si inzi peke yake. Katika neva, kaspasi-3 huweza kudhoofisha sinapsi, yaani maungio ya mawasiliano kati ya neva, bila neva kufa. Kaspasi-1 hukata kitangulizi cha interlukini-1 beta, protini ya kinga, ili kiwe ishara ya uvimbe wa kujikinga. Na panya asiye na kaspasi-8 hufa angali kiinitete. Huyo "muuaji" ndiye aliyepaswa kumweka hai! Kinachoamua ni ukataji umefanyika wapi ndani ya seli, kwa kiasi gani na kwa muda gani.

Kwa hiyo andika "kaspasi", na mara ya kwanza eleza: kimeng'enya kinachokata protini penye aspateti. "Kikataprotini", neno lililoundwa kama "kiuadudu", ni zuri pia, ila linafaa kundi zima la vimeng'enya vinavyokata protini, si kaspasi pekee. "Kimeng'enya cha kifo" nitakivumilia pale tu seli inapokufa kweli. "Vimeng'enya wauaji" nitaendelea kuvifuta kila nivionapo.